Kizunguzungu baada ya kuacha wanga: tafuta chanzo kabla ya kukitibu

Malalamiko yanafanana mno. Mtu ameacha ugali, wali, chapati na soda kwa mkupuo, na siku ya tatu au ya nne anainuka kitandani, macho yanaingia giza, anashika ukuta. Akiuliza, mmoja anamwambia ni sumu zinatoka mwilini, avumilie. Mwingine anamwambia sukari imeshuka, arudie uji. Mara nyingi wote wawili wamekosea, na wa kwanza ni hatari zaidi, kwa sababu anamfundisha mgonjwa kuipuuza dalili.

Kwa mtu asiyetumia dawa yoyote, chanzo kinachoongoza ni maji na chumvi kupungua mwilini. Kwa anayetumia dawa za kisukari au presha, dawa zenyewe ndizo za kushukiwa kwanza: kipimo chake kilipangwa kwa mwili uliokuwa ukila wanga, na sasa mwili umebadilika, dawa hazijabadilika. Ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumdhuru mwingine vibaya sana. Kwa hiyo anza na dalili yako, halafu ujiulize uko kundi gani.

Hali zisizosubiri

Nenda hospitali mara moja, usijaribu kwanza supu wala maji ya ndimu, kama kizunguzungu kimeambatana na lolote kati ya haya:

- kuzimia bila kuzinduka ndani ya dakika moja au mbili, au kuzimia ukiwa umekaa, umelala au katikati ya mazoezi;
- maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au moyo kudunda ovyo bila mpangilio;
- mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kuisha nguvu, maneno kutotamkika;
- degedege, au mtu kuchanganyikiwa asijue yuko wapi;
- kutapika damu, au choo cheusi tii kinachonata;
- kutapika mfululizo pamoja na kupumua kwa nguvu na kwa haraka;
- ujauzito, au hedhi iliyochelewa, pamoja na maumivu makali ya tumbo au kutokwa damu;
- kugonga kichwa wakati wa kuanguka.

Aliyezimia mlaze chini, umwinue miguu, ulegeze nguo shingoni na kiunoni. Kama anapumua lakini hajitambui, mgeuze alale ubavu. Usimtie kitu mdomoni, hata maji yenye sukari, mpaka awe macho na aweze kumeza mwenyewe.

“Nikisimama, macho yanaingia giza”

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na linaeleweka vizuri. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba iitwayo glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashikana na takribani gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika ndani ya siku chache na maji yake yanatoka kwa njia ya mkojo. Wakati huohuo insulini kwenye damu inashuka. Insulini ikiwa juu, figo huishikilia chumvi. Ikishuka, figo huiachia, na chumvi inapotoka inavuta maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu anakojoa sana na mizani inashuka kilo mbili au zaidi akafurahi. Sehemu kubwa ya hizo kilo si mafuta. Ni maji. Damu inapopungua ujazo, ukisimama ghafla inatelemkia miguuni na ubongo unapungukiwa kwa sekunde kadhaa.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu. Mkate, biskuti na chipsi vilikuwa vinakuletea chumvi kila siku. Ugali hauna chumvi, lakini ulikuwa unashushwa na mchuzi wenye chumvi. Umeacha vyote kwa pamoja.

Vyanzo, kuanzia vya kawaida zaidi:

1. Upungufu wa maji na chumvi wa siku za mwanzo.
2. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza kama haidroklorothiazidi na furosemidi (Lasix). Dawa inatoa maji, mlo nao unatoa maji.
3. Chai na majani ya “kukata kitambi”. Nyingi zinaharisha au kukojoza. Mtu anazinywa juu ya mlo wa wanga kidogo, anapoteza maji kwa njia mbili, halafu anashangaa magoti kulegea. Hizi ningependa uziache leo.
4. Maji matupu kupita kiasi. Mtu ameambiwa anywe lita tano kwa siku, anazinywa bila chumvi, na chumvi iliyobaki kwenye damu inazidi kuzimuliwa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na akili kuwa nzito. Ikifika kuchanganyikiwa, ni hospitali.
5. Vile visivyohusu mlo: upungufu wa damu, ujauzito, kutokwa damu ndani, au neva zilizoharibiwa na kisukari cha miaka mingi.

Anza kwa kuangalia mkojo. Wa rangi ya majani ya chai na mchache maana yake maji hayatoshi. Kama ni mweupe kama maji ya bomba na unakwenda chooni kila mara huku kizunguzungu kikiendelea, fikiria upungufu wa chumvi kabla ya kuongeza maji mengine.

Kisha pima presha, ila siyo kwa kukaa tu. Ukipima umekaa pekee, tatizo hili linajificha. Lala chali dakika tano, pima. Simama, pima baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu, na mtu awe karibu yako. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, basi presha yako inaanguka unaposimama. Angalia na mapigo ya moyo. Yakipanda sana huku presha inashuka, kwa kawaida mwili umepungukiwa maji au damu. Yakibaki palepale, inawezekana ni neva au dawa fulani za moyo kama atenololi, na hilo ni la daktari.

Ukiwa mzima, huna presha ya kupanda, huna tatizo la moyo wala figo na hutumii dawa: kunywa kikombe cha supu ya mifupa au ya kuku chenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, mara moja kwa siku, mara mbili ukiwa unatoka jasho jingi. Fanya hivyo kwa siku hizo za mwanzo tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo hii nyongeza isigeuke mazoea ya mwaka mzima. Kula mchicha, matembele na parachichi ili upate potasiamu. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja, chezesha nyayo, ndipo usimame. Na usiku ukienda haja ndogo, wanaume nanyi kaeni. Kuzimia chooni usiku kumevunja watu nyonga.

Kama umeharisha, usiiogope ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kwa sababu ina sukari. Pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, na glukosi hiyo ndiyo inayosaidia utumbo kuivuta chumvi. Mlo utausubiri.

Mwenye presha, moyo au figo asijiongezee chumvi, na asijiongezee potasiamu pia, hasa akiwa anatumia losatani, enalaprili au spironolaktoni. Kwake hatua ni kuandika vipimo vya presha, asubuhi na jioni, vya kulala na vya kusimama, na kumpelekea daktari ili kipimo cha dawa kipunguzwe. Namba ya juu ikiwa chini ya 90 pamoja na kizunguzungu, aende siku hiyohiyo. Na asiziache dawa zote kwa uamuzi wake. Kuna dawa za presha ambazo zikikatwa ghafla presha inaruka juu kuliko ilivyokuwa.

Mwenye sikoseli asikaribie mlo huu bila daktari wake. Kupungukiwa maji ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu makali ya ugonjwa huo.

“Natetemeka, jasho linanitoka, njaa inanibana ghafla”

Hapa pima sukari, usikisie. Chini ya 3.9 (mmol/L) imeshuka. Chini ya 3.0 ni dharura. Kama huna kipimo na unatumia dawa za kisukari, jichukulie kama sukari imeshuka, ule sukari sasa hivi. Kuikosea hesabu kwa upande huo hakuna madhara makubwa. Upande wa pili unaua.

Kwa mgonjwa wa kisukari chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni dawa. Insulini na kundi la glibenklamidi (wengi wanaifahamu kama Daonil), gliklazidi na glimepiridi hushusha sukari hata kama hujala wanga. Ulipokuwa unakula sahani ya wali, dawa ilikuwa na kazi ya kufanya. Sasa sahani ina kabichi na samaki, na dawa ni ileile. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka chini hivyo, kwa hiyo soma majina kwenye pakiti. Kuna vidonge vinavyounganisha metfomini na glibenklamidi ndani ya kidonge kimoja, na mgonjwa akiulizwa anajibu kwa moyo safi kwamba yeye anameza metfomini tu.

Cha kufanya sukari ikishuka: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Karanga, maziwa mtindi, chokoleti na parachichi havifai kwa dharura kwa sababu mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula. Usione umevunja masharti ya mlo. Mlo umevunjwa na dawa isiyorekebishwa.

Aliyemeza glibenklamidi aende hospitali hata akipata nafuu. Dawa hiyo inaweza kuendelea kufanya kazi hadi saa 24, na sukari huporomoka tena usiku mtu akiwa usingizini. Wazee na wenye figo dhaifu ndio wanaoumia zaidi. Na anayetumia atenololi au propranololi ajue kwamba dawa hizo zinaficha mapigo ya kasi na kutetemeka. Ishara inayobaki mara nyingi ni jasho.

Marekebisho ya kweli hufanyika kabla ya siku ya kwanza ya mlo, ofisini kwa daktari: dozi ipi ipunguzwe, ipi isimamishwe, sukari ipimwe mara ngapi. Kama tayari umeanza bila hayo na sukari imeshuka hata mara moja, rudisha kiasi fulani cha wanga kila mlo mpaka umwone. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kamwe, hata akila majani matupu.

Kuna wanaopata dalili zote hizi na kipimo kinasoma 6 au 7. Mtu aliyeishi na sukari ya 15 kwa miezi mingi, mwili wake umeizoea. Ikishuka kuja kwenye kiwango kizuri, unapiga kelele kana kwamba kuna njaa. Hapo huhitaji soda. Kaa, kula chakula chako cha kawaida, pima tena baada ya nusu saa. Hali hiyo hupungua kadiri sukari inavyotulia.

Asiye na kisukari na hatumii dawa ni nadra sukari yake kushuka kwa kukosa ugali. Ini lina uwezo wa kutengeneza sukari kutokana na protini. Isipokuwa amekunywa pombe: pombe inalizuia ini kufanya kazi hiyo, na kwa mtu ambaye akiba yake ya wanga imekwisha na hajala, bia au konyagi chache tu zinaweza kumwangusha.

“Kichwa chepesi kutwa nzima, sina nguvu, miguu mizito”

Siku za kwanza hadi wiki moja au mbili, mwili unajifunza kutumia mafuta badala ya wanga. Uchovu, kichwa kuuma na hasira za karibu ni za kawaida kipindi hicho, na hupungua kwa maji na chumvi kama ilivyoelezwa. Zikizidi wiki mbili, usiendelee kuziita za mpito.

Chanzo kinachofuata, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachowaangusha kina dada wengi, ni kula kidogo mno. Mtu ameondoa wanga, halafu anaogopa mafuta, halafu anaruka kifungua kinywa na chakula cha usiku. Kilichobaki ni mayai mawili na tango. Huo si mlo wa wanga kidogo tena, ni njaa. Hakikisha kila mlo una protini ya kutosha (samaki, dagaa, kuku, mayai, maini, maharage kwa wasiobana sana), mboga nyingi, na mafuta ya kuzipikia. Usianze kupunguza wanga na kuruka milo katika wiki moja.

Anayefunga Ramadhani wakati anakula hivi ana takribani saa 13 bila tone la maji katika ukanda wetu. Asingoje daku ya dakika za mwisho. Anywe maji kidogokidogo tangu futari, supu yenye chumvi iwepo, na macho yakiingia giza mchana afungue. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asiunganishe mambo haya mawili bila daktari.

Kisha yapo ambayo mlo unasingiziwa. Malaria huanza hivihivi: kichwa chepesi, mwili kuchoka, hamu ya kula kupotea. Ukiwa na joto la mwili, kapime siku hiyo, usiseme ni mlo. Upungufu wa damu nao umejaa, hasa kwa wenye hedhi nzito. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya 12 g/dL kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 11 kwa mjamzito, chini ya 13 kwa mwanaume ni upungufu, na utafutiwe sababu. Na hedhi ikichelewa, pima ujauzito kabla ya kubadilisha chochote kwenye sahani. Ukiwa mjamzito, acha kubana wanga.

“Nyumba inazunguka”

Kama kitu kinazunguka kweli, na kinaanza ukijigeuza kitandani au ukiinua kichwa kutazama juu, kikadumu chini ya dakika moja, chanzo kwa kawaida kiko kwenye sikio la ndani. Chumvi haitakisaidia, wala wali. Daktari wa masikio, au yeyote aliyefunzwa, anaweza kukutibu kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu. Kikija na usikivu kupungua ghafla, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kutembea, nenda hospitali mara moja, kama ilivyo kwa hali za orodha ya juu kabisa.

“Nilianguka mazoezini”

Kwanza jibu hili: ulianguka ukikimbia, au baada ya kusimama? Ukianguka katikati ya jitihada, acha mazoezi mpaka moyo upimwe kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Ukianguka baada ya kumaliza, ukiwa umesimama juani, mara nyingi ni maji na chumvi, na joto la pwani linaongeza. Wiki mbili za mwanzo tembea, usikimbie. Nenda alfajiri au jioni. Usisimame ghafla baada ya zoezi, endelea kutembea polepole dakika chache. Ukihisi giza linakuja, kaa chini palepale, hata kama ni barabarani na watu wanakutazama.

“Kizunguzungu, natapika, pumzi nzito”

Kuwa na ketoni (kemikali zinazotokea mwili unapotumia mafuta badala ya wanga) kidogo kwenye damu ni kawaida kwa anayebana wanga. Ketoni zikijaa mpaka damu iwe na tindikali ni jambo jingine kabisa: kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, pumzi za kina na za haraka, harufu ya matunda mdomoni, usingizi usio wa kawaida. Walio hatarini ni mwenye kisukari anayehitaji insulini, anayetumia dawa za kisukari za kundi la empagliflozini na dapagliflozini, na mama anayenyonyesha huku amebana wanga sana. Kwa hao wa dawa kipimo cha sukari kinaweza kusoma vizuri tu, hata chini ya 14, na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Sema kwa sauti: “Nimeacha wanga, natumia dawa hii, naomba nipimwe ketoni.” Dawa hizo zisimamishwe kwa maelekezo ya daktari kabla ya kuanza mlo, na mama anayenyonyesha asibane wanga kiasi hicho.

Ukienda kwa daktari

Beba pakiti zote za dawa, pamoja na za mitishamba na chai za kupunguza uzito, kwa sababu bila kuziona hataweza kuzihesabu. Andika tarehe uliyoacha wanga, ulichokula siku mbili zilizopita, namba za presha za kulala na za kusimama, namba za sukari na saa ulizopima. Umweleze ulikuwa unafanya nini dalili ilipoanza, na kama kuna aliyekuona ukizimia nenda naye, maana yeye ndiye anayejua ulikaa muda gani chini na kama mwili ulikakamaa.

Na ukiruhusiwa kuendelea, punguza kwa ngazi. Wiki ya kwanza ondoa soda, juisi na sukari ya chai peke yake. Inayofuata, ugali au wali wa usiku. Kisha chapati na maandazi ya asubuhi. Pima presha na sukari katika kila ngazi, na pale kizunguzungu kinaporudi, baki kwenye ngazi ya nyuma yake mpaka dawa zirekebishwe.